Nairobi hadi New York na Mama: kilomita 11,800, saa 15 za tikiti, saa 36 za safari

Nimerudi Mombasa wiki ya pili sasa. Simulizi hii nimeiunga kutoka daftari dogo nililokuwa nalo mkobani na picha za simu, maana watu watatu mtaani kwetu wameniuliza swali moja: "Mwalimu, New York ni saa ngapi kwa ndege?" Nikijibu saa 15 huondoka wameridhika. Mimi hubaki na deni, kwa sababu wote watatu wanataka kuwapeleka wazazi wao, na hizo saa 15 hazifiki hata nusu ya safari tuliyoifanya.

Mdogo wangu anaishi Jersey City, mji ulio ng'ambo ya mto Hudson ukitokea New York. Alijifungua mwanzo wa Julai, mtoto wa kwanza, na Mama akasema hatulii mpaka amshike mjukuu na amkande mzazi kama ilivyo ada. Mama ana miaka 71. Alikuwa hajapanda ndege maishani. Shule zilifungwa tarehe 2 Agosti 2024 na zingefunguliwa tarehe 26, kwa hiyo nilikuwa na wiki tatu za kumpeleka, kumkalisha na kurudi kazini.

KABLA YA KUONDOKA

Nafundisha jiografia. Mama aliponiuliza ndege itapita wapi, nilichukua tufe la shule nikaja nalo nyumbani, nikavuta uzi kutoka Nairobi hadi New York. Ukichora mstari kwenye ramani ya ukutani utadhani njia inakata Kameruni, Nijeria na Mali, halafu inatokea baharini. Kwenye tufe uzi unapanda kaskazini zaidi: Uganda, Sudan Kusini, karibu na ncha ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, Niger, Algeria, unaingia baharini Moroko, unapinda juu ya Atlantiki na kushuka Marekani. Hiyo ndiyo njia fupi kabisa, kama kilomita 11,800. Rubani hukengeuka kwa ajili ya upepo, mawingu na anga zilizofungwa, lakini uzi ndio mwanzo wa hesabu.

Mama aliutazama ule uzi kwa muda. Babake alikuwa baharia wa jahazi, akienda Maskati na kusi na kurudi na kaskazi. "Sisi hatukuuliza saa," akasema. "Tuliuliza upepo." Nikamwambia upepo bado unaulizwa hata leo, nitamwonyesha.

Kwa anayepanga: kabla ya mwaka 2018 hapakuwa na ndege ya moja kwa moja kati ya Kenya na Marekani. Kenya ilipata kibali cha usalama wa anga cha daraja la kwanza kutoka Marekani Februari 2017, na safari ya kwanza ya Kenya Airways kwenda New York iliruka tarehe 28 Oktoba 2018. Njia nyingine zote zina kituo katikati. Kupitia London unaongeza kama kilomita 550 tu. Kupitia Doha jumla inakuwa kama kilomita 14,100, yaani unaanza kwa kwenda mashariki kisha unarudi magharibi. Lakini kilomita ndilo jambo dogo. Tikiti ya bei nafuu niliyoiona ilikuwa na kungoja saa tisa katikati, jumla saa 28 kutoka uwanja hadi uwanja, na ingeniokolea shilingi 30,000 hivi kwa kila mtu. Kwa kijana mwenye miguu yake ningeinunua. Kwa mama wa miaka 71 mwenye magoti mabovu nililipa KSh 171,000 ya kwenda na kurudi kwangu, na yake ikapanda kidogo kwa kuwa atarudi Novemba. Msimu wa Agosti ni ghali, Februari ingekuwa nafuu.

Ada ya viza wakati huo ilikuwa dola 185 kwa kila mmoja, hairudishwi hata ukinyimwa, na mahojiano ni kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi. Mtu wa Mombasa ahesabu hiyo nayo kama safari: kwenda, kulala na kurudi, miezi kabla ya kuliona gurudumu la ndege.

Halafu kuna suala la saa, na hapa nawaomba wenzangu wa pwani wasome polepole. Tikiti huandikwa kwa saa 24. Yetu iliandikwa Jumatatu 5 Agosti, 23:25. Toa kumi na mbili, ubaki na 11:25, kisha toa sita: saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Hapo wengi hufika salama. Tatizo ni siku. Kwetu siku huanza jua likichwa, kwa hiyo usiku wa kuamkia Jumanne ndio usiku wa Jumanne. Mama aliwapigia watu wote akawaambia "twaruka usiku wa Jumanne", na kwa hesabu yake alikuwa sawa kabisa. Mtaona hapo chini ilivyotugharimu. Mkiagana na watu, tajeni tarehe.

JUMATATU, 5 AGOSTI: MOMBASA HADI NAIROBI

Tulifunga mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya sala. Hapo ndipo nilipoandika mstari wa kwanza daftarini na kuanza kuhesabu. Tuktuk kutoka Mji wa Kale hadi steshoni ya Miritini, pamoja na mabegi manne, KSh 800. Treni ya saa mbili asubuhi, daraja la kawaida, KSh 1,500 kila mmoja. Tikiti nilikata kwa simu, *639#, na kulipa kwa M-Pesa siku kumi kabla. Shule zikifungwa viti huisha upesi, usingoje. Fikeni saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hupangwa mstari chini ili mbwa wanuse, kisha inapita kwenye mashine.

Reli ni kama kilomita 472. Treni ya asubuhi husimama njiani, Mariakani, Voi, Mtito Andei na kwingine, na huchukua kama saa sita. Mama alifungua mahamri na mbaazi za nazi kabla hatujafika Mariakani, na harufu ikaleta mazungumzo. Bibi mmoja wa Taita aliyekuwa kiti cha mbele alipewa mahamri mawili, naye akatoa ndizi mbivu, akashuka Voi akiwa amemwombea Mama dua kama waliojuana miaka. Baada ya Voi tuliona ndovu, wekundu kwa vumbi la Tsavo, saba kwa hesabu ya watoto waliokuwa dirishani.

Tulishuka Syokimau karibu na saa nane mchana. Binamu yangu anakaa South C, na mpango ulikuwa tupumzike kwake mpaka jioni. Tulipofika mlango ulikuwa umefungwa na simu haishikwi. Kumbe yeye, aliyezaliwa na kulelewa Nairobi, alisikia "usiku wa Jumanne" akatuandalia chumba cha Jumanne. Siku hiyo alikuwa kazini, simu kaiacha sandukuni kama kazi yake inavyomtaka.

Tulikaa juu ya mabegi ngazini. Baada ya dakika kumi hivi mlango wa jirani ukafunguka. Mama mmoja wa Kisomali, hatujamwona kabla wala hatujui jina lake hadi leo zaidi ya kuitwa mama fulani, akatazama mabegi, akamtazama Mama, akasema, "Karibuni ndani, wageni hawakai ngazini." Alitupa maji ya kutawadha, mkeka wa kusalia, chai ya maziwa yenye hiliki na canjeero yenye asali. Akamlaza Mama kitandani kwa mwanawe. Mama alilala saa mbili na nusu, usingizi ambao nina hakika ndio uliomvusha safari yote. Binamu alipofika saa kumi na mbili jioni mbio mbio, akiomba radhi, Mama alikuwa amekwisha kuamka na wawili hao wanalinganisha viungo vya pilau.

Saa moja usiku tuliondoka kwa teksi, KSh 1,000. Katika Uwanja wa Jomo Kenyatta abiria wote hushuka kwenye gari kabla ya kufika jengo, mkaguliwe, mpande tena. Mwambieni mzee mapema ili asishtuke. Kisha kuna ukaguzi wa mlangoni, wa baada ya uhamiaji, na kwa ndege za Marekani mwingine karibu na lango la kupandia. Vueni viatu vyenye kamba mapema.

Jambo moja la bure ambalo wengi hawalijui: kiti cha magurudumu. Kiombeni wakati wa kukata tikiti, si siku ya safari. Hakilipiwi, na mzee husukumwa kutoka meza ya mizigo hadi mlango wa ndege, na upande wa pili vivyo hivyo. Mama alikikataa kwanza, "mimi si mgonjwa." Nilimwambia ni mita kama elfu moja na foleni nne. Akakaa.

USIKU ULE MREFU

Magurudumu yaliacha ardhi saa sita kasoro robo. Mama alinishika mkono akasoma dua ya safari mara tatu, na alipohisi ndege imetulia akauliza, "Tumebakisha ngapi?" Kwenye skrini ya mbele kuna ramani yenye ndege ndogo, kilomita zilizobaki na saa zilizobaki. Niliiacha wazi kwake usiku kucha. Aliipenda kuliko filamu yoyote. Ndege ni Boeing 787, madirisha yake hayana pazia la kuvuta bali kitufe cha kutia giza, na mwendo ulikuwa ukicheza karibu na kilomita 900 kwa saa. Treni yetu ya asubuhi hukimbia 120 ikiwa wazi kabisa.

Sasa niseme kuhusu usiku, kwa sababu ndio ulionigusa kuliko mambo yote ya safari hii. Jua lilikuchwa Nairobi karibu na saa moja kasoro. Tukaruka kuelekea magharibi, upande uleule usiku unakoelekea, kwa hiyo tulikuwa tunasafiri nao. Saa ya mkononi ya Mama, ambayo alikataa katakata kuibadilisha, ilipofika saa kumi na moja alfajiri alinigusa. "Alfajiri imeingia?" Nilitazama nje. Tulikuwa juu ya Sahara, na nje giza totoro na nyota nyingi kuliko nilizowahi kuziona. Mombasa waadhini walikuwa wanaadhini. Mahali tulipokuwa ilikuwa bado usiku wa manane.

Ustadhi wa mtaani alikuwa ametufundisha kabla: angani fuateni macho, si saa ya mkononi. Basi Mama akangoja. Alilala, akaamka, akauliza, akalala. Saa yake ikafika kumi na mbili, moja, mbili za asubuhi, watu Mombasa wamekwisha kunywa chai na kwenda sokoni, na dirisha letu bado jeusi, chini yetu Atlantiki. Ilipokaribia saa tatu za asubuhi kwa saa yake ndipo mstari mweupe ulipotokea, na ulitokea kwa nyuma, nyuma ya bawa, kama mtu aliyekuwa akitukimbilia tangu Nairobi na sasa ametufikia. Mama alitayamamu, akasali alfajiri akiwa kitini, ameelekea alikoweza. Nilihesabu baadaye: tangu jua kuchwa Nairobi hadi lilipochomoza tuliishi usiku wa zaidi ya saa kumi na tano.

Nimefundisha miaka kumi na sita kwamba dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Nairobi iko kama digrii 37 mashariki, New York kama 74 magharibi, tofauti 111. Gawanya kwa 15, unapata saa 7 na dakika 24. Saa za serikali zimeifanya 7 wakati wa joto na 8 wakati wa baridi. Huwa naiandika ubaoni kwa chaki. Sasa nimemwona mamangu akiingoja hesabu hiyo imletee sala.

Kwa miguu ya wazee: soksi za kubana, maji kila saa, na kutembea hadi nyuma ya ndege kila baada ya saa mbili, ili damu isigande. Ombeni viti vya ujiani. Dawa zote ziwe begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari. Chakula kililetwa mara mbili na vitafunio katikati, lakini Mama alikula zaidi tende zake.

JUMANNE, 6 AGOSTI: JFK HADI JERSEY CITY

Tulitua JFK, uwanja wa ndege wa New York, saa moja na robo asubuhi kwa saa za New York, saa nane na robo mchana kwa saa ya Mama. Angani tulikaa saa kumi na nne na nusu. Tangu mlango wa ndege kufungwa hadi kufunguliwa ni zile saa 15 za tikiti.

Aliyetusukumia kiti alikuwa bwana wa makamo, mzaliwa wa Guyana. Alimwita Mama "Mother" toka mwanzo, na foleni ya wenye viti ilikuwa fupi kuliko ile niliyoiona upande wa pili. Afisa aliuliza Mama anakuja kufanya nini. Nilifasiri. Mama akajibu kwa Kiswahili, akionyesha kwa mikono miwili jinsi ya kupakata mtoto, na afisa akagonga muhuri kabla sijamaliza kufasiri.

Vyakula: tangazeni kila kitu. Nyama ya aina yoyote msibebe, wala matunda mabichi, wala sambusa za nyama zilizofungwa vizuri na shangazi. Sisi tulikuwa na bizari, hiliki, majani ya chai, kashata, achari ya embe kavu na kilo moja ya mabuyu. Mkaguzi alifungua mabuyu, akauliza ni nini hiki chekundu. Nikamweleza ni tunda la mbuyu, limepikwa kwa sukari na rangi. Aliita mwenzake, wakatazama, wakanusa, wakatufungia tena pakiti na kututakia siku njema. Ilichukua dakika ishirini. Nilitoa dola 10 kwa bwana wa Guyana, ambaye alikuwa amesimama nasi muda wote ule, na alipoona shemeji yangu hajafika hakutuacha. Alikaa nasi nje mpaka gari lilipokuja, ingawa redio yake ilikuwa inamwita.

Tulitoka saa tatu. Kutoka JFK hadi Jersey City ni kama kilomita 40, na asubuhi ya kazi zilichukua saa moja na dakika ishirini. Tulivuka Queens na Brooklyn, tukaingia Manhattan, kisha handaki la Holland, lililofunguliwa mwaka 1927, ambalo hupita chini ya mto Hudson. Shemeji alimwambia Mama, "Sasa tuko chini ya maji." Mama akatazama vigae vya ukutani, akanyamaza, kisha akasema, "Na sisi bado twangoja feri Likoni." Kwa wanaokodi gari: ushuru wa handaki hulipwa unapoingia New York, si unapotoka.

Saa nne na dakika ishirini mdogo wangu alifungua mlango, mtoto begani. Mombasa ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini jioni ya Jumanne. Nikafunga hesabu daftarini: saa 36 kasoro dakika kumi, kizingiti hadi kizingiti. Kati ya hizo, angani saa 14 na nusu. Saa 21 na zaidi zilipita chini: treni, ngazi za South C, kitanda cha mama wa Kisomali, foleni, barabara.

Mama hakuvua hata buibui. Alinawa mikono, akakaa, akanyoosha mikono.

TAREHE 7 HADI 19

Siku hizi ni za nyumbani na nazipita. Mtoto alilala mchana na kulia usiku, na Mama vilevile alikuwa macho saa nane za usiku, kwa hiyo wawili hao walielewana. Ilimchukua siku sita mwili wake kukubali saa za kule. Mimi siku nne.

Jambo la faida: Journal Square, kwenye Newark Avenue, kuna mtaa mzima wa maduka ya Wahindi. Mama aliingia la kwanza na kutoka na tui la kopo, unga wa dengu, giligilani, pilipili za kukaanga na mbaazi zilizogandishwa. Muuza duka, mzee wa Kigujarati, alimsikia akisema "bizari" akageuka. Yeye alizaliwa Kampala. Waliongea Kiswahili dakika arubaini, chake kimepungua maneno lakini lafudhi ipo, na hakutaka kuchukua pesa za ukwaju.

JUMANNE, 20 AGOSTI: KURUDI PEKE YANGU

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama alinisindikiza hadi chini, mtoto mgongoni kwa leso. Nilikataa gari la shemeji makusudi, nijaribu njia ya treni niwaandikie nyinyi. Ni hii, kwa nauli za Agosti 2024: PATH, treni ya kuvuka mto Hudson, kutoka Journal Square hadi World Trade Center, dola 2.75, chini ya robo saa. Hapo hapo chini, treni ya E hadi Sutphin Boulevard, dola 2.90, kama dakika hamsini. Kisha AirTrain, treni ya uwanja wa ndege, hadi jengo lenu, dola 8.50. Jumla dola 14.15, takriban KSh 1,830, na kadi moja ya nauli ya wakati ule, MetroCard, niliyoitia dola 20 iliingia kote kotatu. Nilitumia saa moja na dakika arubaini. Mahali pabaya ni ngazi ukiwa na begi kubwa. Chini ya World Trade Center kijana mmoja mwenye vidude vya muziki masikioni alilishika begi langu upande wa pili, tukalibeba pamoja ngazi zote, akaliweka chini, akaenda zake bila neno.

Ndege iliruka saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Sasa nilitimiza ahadi yangu kwa Mama, maana juu ya Atlantiki nilipiga picha skrini mara kadhaa: mwendo wa ndege juu ya ardhi ulipita kilomita 1,000 kwa saa. Injini ni zilezile. Ni upepo wa juu, ule mkondo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki karibu na kimo cha ndege. Ukienda New York unapambana nao, ukirudi unakusukuma. Angani nilikaa saa 13 na dakika arubaini, dakika hamsini chini ya tulivyokwenda. Watengeneza ratiba wanaujua upepo huu kama babu alivyojua kusi na kaskazi.

Na usiku ulikuwa wa saa saba tu. Jua lilizama katikati ya bahari muda mfupi baada ya chakula, nikalala kidogo, likachomoza tena juu ya Afrika. Kiti cha pembeni kilikuwa na mgeni, kijana wa Eldoret anayesomea uuguzi, lakini kila nilipofungua macho nilitazama kama Mama ana blanketi.

JUMATANO, 21 AGOSTI: NYUMBANI

Kutua Nairobi saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa na nafasi kubwa kabla ya treni ya saa tisa, basi nikapita South C na sanduku la tende na chokoleti. Mama wa Kisomali hakuwepo, nilimkabidhi mwanawe. Msikate tikiti ya treni ya karibu sana na kutua, acheni angalau saa nne: uhamiaji, mizigo, barabara ya Mombasa ikifunga.

Miritini saa mbili na robo usiku. Tuktuk ileile ya kwenda, nilikuwa nimeiweka namba, KSh 700 kwa kuwa begi ni moja. Barabarani dereva aliuliza mama mkubwa yuko wapi.

Nilifika kwetu saa tatu kamili. Kwa daftari, kurudi kumechukua saa 31 na nusu. Nilikuwa bado natafuta ufunguo mkobani simu ilipolia. Kule ilikuwa saa nane mchana.

"Umeshafungua?" Mama akauliza.

Nikamwuliza amejuaje niko mlangoni.

"Treni imefika saa mbili na robo. Kutoka na mizigo robo saa, tuktuk nusu saa. Ngoja nisikie kitasa."

Nikauingiza ufunguo, nikaisogeza simu karibu na mlango.